Jina la Katuni: Picha ya Kuchekesha ya Gazetini Ikipimwa kwa Leso ya Mombasa

Katuni ya picha moja, yaani ile picha ya kuchekesha iliyozungushiwa mstari na kuwekewa sentensi chini yake, imepata nafasi ndogo mno katika uhakiki wa Kiswahili. Riwaya imehakikiwa, tamthilia imehakikiwa, ushairi umegombaniwa na wanamapokeo na wanamabadiliko hadi wasomaji wakachoka, na hata maneno ya taarabu yamekwisha kuingia darasani. Katuni imeachiwa watu wa sanaa za kuchora upande mmoja na watu wa siasa upande wa pili. Wale wa kwanza hutazama mstari wa kalamu. Hawa wa pili hutazama ni nani aliyesemwa. Sentensi iliyo chini ya picha imebaki haina mwenyewe. Dalili ya upweke huo ni kwamba hata istilahi yake haijatulia: wengine huiita maelezo ya picha, wengine maneno ya chini, na wengine hulichukua neno la Kiingereza kama lilivyo. Makala haya yanapendekeza iitwe jina, kama lile la leso, na yanadai kwamba pendekezo hilo linapita mpaka wa istilahi. Mwenye kuiita sentensi ile maelezo amekwisha kuikosea kazi yake, kwa kuwa katuni ikielezwa huwa imekufa.

Neno katuni lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa. Asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya karatasi nzito, ile ambayo wachoraji wa zamani waliitumia kuchorea mfano kabla ya kuipaka rangi picha kubwa ya ukutani. Mwaka 1843 kulifanywa London maonyesho ya mifano ya namna hiyo iliyokusudiwa kuta za Bunge jipya. Gazeti la Punch, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1841, likaona kejeli: watu wa mji wana njaa na serikali inashughulika na mapambo. Likachapa picha ya John Leech na kuiita nayo katuni. Kwa hiyo neno lilizaliwa katika mzaha, na mzaha huo ulikuwa wa kulinganisha vitu viwili visivyolingana. Kila katuni iliyofuata imekuwa na kitu cha namna hiyo ndani yake.

Lakini Punch lenyewe lilisema mno. Katuni zake za karne ya 19 ni tamthilia fupi zilizobanwa katika nafasi ya picha. Juu pana anwani, chini pana majibizano, na kila msemaji ametajwa jina au cheo. Ile mashuhuri ya George du Maurier ya mwaka 1895, iliyoitwa kwa Kiingereza Unyenyekevu wa Kweli, yaonyesha kasisi mdogo akistafutahi mezani kwa askofu. Askofu anamwonea huruma kwa kupewa yai viza. Kasisi, kwa kuogopa kumwudhi mkubwa wake, anajibu kwamba sehemu nyingine za yai lile ni nzuri sana. Mzaha ni mzuri na bado unachekesha. Hata hivyo, ukiiondoa picha, mzaha hausumbuki. Waweza kusimuliwa sebuleni na mtu asiyejua hata askofu alikuwa amevaa nini. Maana yake ni kwamba picha ile ilikuwa mgeni katika hadithi yake yenyewe.

Walioikata sentensi ni watu wa New Yorker, gazeti lililoanzishwa mwaka 1925 huko Marekani chini ya uhariri wa Harold Ross. Majibizano yalipunguzwa, anwani ikaondolewa, ikabaki kauli moja ya mtu mmoja aliyemo pichani. Mfano unaotajwa sana ni wa Peter Arno, wa mwaka 1941. Ndege imeanguka na kuharibika. Wanajeshi na watu wa uokozi wanaikimbilia. Na katikati ya mbio hizo mtu mmoja aliyevaa suti, karatasi za michoro zikiwa kwapani, anaondoka polepole akiipa mgongo ajali, huku akijisemea kwamba basi, kazi ya kuchora ianze upya. Itazame sentensi ile peke yake: ni ya kawaida kabisa, fundi yeyote angeweza kuitamka. Itazame picha peke yake: ni msiba. Vikikutana ndipo mtu anapocheka, na kicheko chenyewe kina uchungu kidogo, maana tumemwona mtu ambaye maafa ya wengine kwake ni kosa la hesabu.

Kutokana na mfano huo twaweza kupata kipimo chepesi. Katuni bora ni ile ambayo sentensi yake, ikitengwa na picha, haisemi jambo la ajabu, na picha yake, ikitengwa na sentensi, haijulikani inakusudia nini. Kila upande una pengo, na pengo la huku limekatwa kwa kipimo cha lile la kule. Katuni ambayo upande mmoja umekamilika ni kielelezo cha mzaha tu. Haijafika kuwa katuni.

Kipimo hiki kikishatamkwa, mtu aliyekulia Bondeni hashangai, kwa sababu amekiona tangu utotoni kikipita njiani mabegani mwa wanawake. Bondeni imepakana na Mji wa Kale, na hatua chache kutoka hapo ni Biashara Street, ambako leso zimeuzwa kwa miaka mingi. Humo limo duka la Kaderdina Hajee Essak, kampuni iliyoanza mwaka 1887 na ambayo leso zake hutambulikana kwa maandishi ya “Mali ya Abdulla.” Leso (ile ambayo Unguja na bara huitwa khanga) ina pindo lililozunguka pande zote nne, ina mji katikati wenye nakshi au picha, na karibu na pindo la chini ina kisanduku chenye sentensi moja, aghalabu kwa herufi kubwa. Sentensi hiyo ndiyo jina. Zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi. Mwenye kuvitazama vitu hivi kwa macho mapya ataona umbo alijualo: mstari wa kuzungushia, picha ndani yake, na kauli moja chini.

Hapa wengi watasema kwamba mfanano huo ni wa umbo tu, na kwa leso nyingi watakuwa wamesema kweli. Nakshi ya korosho au ya waridi haina uhusiano wowote na jina lililo chini yake. Mchora nakshi na mtunzi wa jina aghalabu ni watu wawili ambao huenda hawajawahi kuonana. (Jambo hilo halikosekani kwenye katuni pia. Ile katuni ya New Yorker ya mwaka 1928, ya mtoto anayekataa mboga aliyopewa na mamake, ilichorwa na Carl Rose na sentensi yake ikaandikwa na E. B. White.) Basi kama nakshi na jina havisemezani, pengo liko wapi? Liko nje ya kitambaa. Picha halisi ya leso ni mwanamke aliyeivaa, mahali alipoivalia, na mtu aliyempitia mbele.

Chukua jina lijulikanalo na kila mtu, “Hasidi hana sababu.” Likiwa dukani limekunjwa rafuni, ni methali, na methali haimuumizi mtu. Likinunuliwa na mama kumpelekea bintiye zawadi, ni wasia. Lakini likifungwa kiunoni na mwanamke anayefagia ua, siku ya tatu baada ya ugomvi wa maji ya bomba, mbele ya mlango wa jirani, limekuwa kauli, na jirani hana haja ya kuelezwa. Zaidi ya hayo, hana mahali pa kushitaki. Akisema ametukanwa, ataambiwa kwamba leso ilinunuliwa kwa rangi yake. Rose Marie Beck, aliyezitafiti leso za Mombasa na kuchapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ameonyesha kwa urefu jinsi ukanaji huu ulivyo msingi wa mawasiliano ya leso: lazima jina liweze kumaanisha na kutomaanisha kwa wakati mmoja. Kwa istilahi za makala haya, jina limeachwa na pengo makusudi, na anayelijaza ndiye mwenye kubeba dhambi ya kulijaza.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo haifai kufichwa. Katika katuni msemaji amechorwa. Kinywa chake ki wazi, au kidole chake kimeinuka, na msomaji anajua kauli ni ya nani. Leso haina msemaji ndani yake; humwazima yule anayeivaa. Kwa sababu hiyo jina la leso laweza kuishi miaka hamsini likirudiwa kuchapishwa, kila mara likipata msemaji mpya, ilhali sentensi ya katuni hufungwa na kinywa kimoja na tukio moja. Mchora katuni hupoteza uwezo wa leso wa kuhamahama. Anachopata badala yake ni sauti: aweza kumfanya mtu fulani, wa umri fulani, wa mtaa fulani, aseme jambo ambalo mtu mwingine yeyote angelisema kwa namna nyingine. Asipoitumia sauti hiyo, amepoteza vyote viwili. Jambo hili la sauti litarudi hapa chini, kwani ndiko katuni ya Kiswahili inakoumwa.

Kabla ya hapo inafaa kutaja kwamba Mombasa iliijua sanaa ya pengo hata kabla ya leso kupata jina. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, anasifiwa mara nyingi kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuuingiza katika mambo ya mji. Tungo zake nyingi ni za ubeti mmoja au beti chache, zilizotungwa juu ya tukio ambalo kila msikilizaji alilijua: vita na Unguja, deni, mgeni asiyeondoka, rafiki aliyegeuka. Tukio halikusimuliwa ndani ya ubeti. Mji ulikuwa picha, ubeti ulikuwa jina. Ndiyo sababu msomaji wa leo, akikutana na tungo hizo bila msaada, huona maneno mazuri asiyoyafikia. Zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliwahi kuzikusanya kutoka vinywa vya watu na kumpa William Taylor pamoja na habari za asili yake, kisha Hichens akazichapa mwaka 1940, na baadaye Mohamed Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, akazirudisha katika historia ya mji uliozizaa. Bila ya habari hizo, diwani ya Muyaka ingekuwa kama bunda la sentensi za katuni ambazo picha zake zimeungua.

Sasa tuzitazame katuni zenyewe. Magazeti ya Kiswahili ya Afrika Mashariki hayana upungufu wa wachoraji. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi tangu miaka ya 1950, na kizazi baada ya kizazi cha wasomaji wa Taifa Leo kilikua naye. Huyo ni mhusika wa picha za mfululizo, na mfululizo una kanuni zake za kusimulia. Lakini jina lake lastahili kusimamiwa kidogo. Juha ni mjinga, kwa neno lililotokana na yule Juha wa visa vya Waarabu, ambaye ujinga wake mara nyingi ni hila. Kalulu ni sungura katika lugha za Malawi na Zambia, na sungura wa ngano zetu hajawahi kuwa mjinga. Mjinga-mjanja: maneno mawili tu, na tabia yote imekwisha kutajwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Tanzania nako, Christian Gregory alimtoa Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na jina la mhusika huyo likatoka gazetini likaenda kukaa mitaani, watu wakaitana kwalo. Gazeti la Sani, lililopata jina lake kutokana na majina ya waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilileta kundi zima: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge. Ndumilakuwili ni methali iliyopewa miguu. Lodi Lofa ni bwana mkubwa na mzururaji asiye na kazi waliofungwa katika silabi nne, kwa maneno mawili ya Kiingereza yaliyokwisha kuswahilishwa hadi yakasahau kwao.

Inaonekana, basi, kwamba kipawa cha katuni ya Kiswahili kimekuwa katika kuita watu majina kuliko katika kuwapa kauli. Wachoraji hawa walijua nguvu ya jina, ila walilitia jina katika mhusika na kuiacha sentensi ya chini ijitafutie riziki yake. Pengine hilo lilitokana na mahitaji ya gazeti, kwani mhusika wa kudumu huuza nakala. Lakini matokeo yake ni kwamba ile katuni ya picha moja isiyo na mhusika maarufu, ya watu wasiojulikana waliokutwa katika hali moja na kutamka neno moja, haikupata malezi.

Nchini Kenya kuna sababu nyingine. Gazeti la vichekesho lililofanya kazi hiyo kwa uzito lilikuwa Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, likaishi hadi mwaka 1979. Joe lilikuwa gazeti la mtu wa mjini mwenye mshahara mdogo, na lilimjua vyema. Isipokuwa lilimjua kwa Kiingereza. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaja Nairobi na kujiunga na kampuni ya Nation mwaka 1992. Hakuna ubishi kwamba ni miongoni mwa mabingwa wa katuni ya picha moja katika Afrika nzima. Mtoto wa mji wa Kiswahili, na kazi yake kubwa ya gazetini imesema Kiingereza. Alipochora kitabu kizima kwa Kiswahili kwa ajili ya shirika la Sasa Sema katika miaka ya 1990, alimchukua Abunuwasi, na humo kalamu yake yaonekana imerudi nyumbani. Hapana lawama kwa mtu kufuata gazeti linalomlipa. Lakini mwalimu wa Kiswahili anayo haki ya kuhesabu hasara.

Hasara hiyo yaonekana wazi katika mambo mawili yanayojirudia katika katuni za Kiswahili za magazeti. La kwanza ni vibandiko. Linachorwa zimwi lenye kitambi, na ili msomaji asipotee, tumboni linaandikwa UFISADI. Anachorwa mtu aliyekonda, na shati lake limeandikwa MWANANCHI. Mzigo mgongoni mwake umeandikwa GHARAMA YA MAISHA. Kisha chini yake inawekwa sentensi inayosema kwamba mwananchi amelemewa. Msomaji ameambiwa jambo moja mara nne. Yule aliyelelewa na leso, ambaye jirani yake amewahi kumwambia jambo zito bila kumtazama usoni, huona amedharauliwa. Yasemekana vibandiko vimewekwa kwa ajili ya watu wasiosoma sana. Hoja hiyo haisimami, kwani asiyejua kusoma havimsaidii vibandiko, na ajuaye kusoma, hata kwa shida, amekwisha kulisoma jina la leso na kulielewa kuliko profesa.

La pili ni lugha. Sentensi nyingi za katuni za Kiswahili zina harufu ya sentensi iliyofikiriwa kwa Kiingereza. Mfano wa Arno wafaa kujaribiwa hapa. Mfasiri mwenye haraka angeandika: “Basi, ni kurudi kwenye ubao wa kuchorea.” Sentensi hiyo imekamilika kisarufi na haina pumzi. Fundi wa Mombasa aliyeona kazi yake imeporomoka angesema, “Haya. Na tuanze tena.” Hakuna ubao, hakuna kuchora, karatasi zilizo kwapani zimekwisha kusema hayo. Neno haya, lenye uvumilivu na ukaidi ndani yake, ndilo lenye mzaha. Mwenye kufasiri humalizia kwa kusema yote yaliyosemwa kwa Kiingereza. Mwenye kuandika jina huanza kwa kuuliza picha imekwisha kusema nini.

Na hapa ndipo sauti inaporudi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa hapo hapo, iliamuliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita kilinyimwa kiti nyumbani kwake. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake kwa shule na kwa serikali, na si kazi ya makala haya kuufufua ugomvi. Lakini katuni haina haja moja na kitabu cha jiografia. Katuni ina nafasi ya maneno saba au manane ya kumwonyesha mtu alivyo, na lahaja yafanya kazi hiyo bila kutumia hata neno moja la ziada. Katuni nyingi zichorwazo Nairobi zimwonyeshapo mtu wa pwani humvika kofia na kanzu, humlaza juu ya mkeka, kisha humtilia kinywani “yakhe” na “wallahi” katikati ya sentensi ambayo nyinginezo zote ni za sanifu. Hiyo ni lahaja iliyovaliwa kama kofia. Msemaji wa Bondeni hatambulikani kwa “yakhe.” Hutambulikana kwa mato badala ya macho, kwa ndia badala ya njia, kwa “yuwaja” pale sanifu isemapo “anakuja,” na zaidi ya yote kwa adabu yake ya kutokwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Utajiri uliopo ni huu. Katika Kimvita, “Ndoo!” ni mwito: njoo. Katika sanifu, ndoo ni chombo cha maji, na Mombasa nako chombo hicho chajulikana kwa jina hilo hilo. Mtu aweza kuifikiria picha: bibi mzee amekaa kizingitini, mkono wake umenyoshwa kwa ukarimu, na mgeni wa kutoka bara, tai shingoni, anasogea kwa unyenyekevu akiwa amebeba ndoo. Chini neno moja tu, lile la bibi. Hapana aliyedharauliwa humo. Mgeni ametii lugha aliyofundishwa shuleni, bibi amesema lugha aliyozaliwa nayo, na historia yote ya mwaka 1928 imesimama kati yao ikiwa na mpini. Katuni hiyo haiwezi kufasiriwa kwa Kiingereza, na kutofasirika huko ndiko kunakoithibitisha kuwa ya Kiswahili.

Huenda ikasemwa kwamba wasomaji wa Kisumu au wa Mwanza hawataielewa. Wapo watakaokosa. Lakini ni lazima kukumbuka jinsi katuni inavyosomwa kweli kweli. Katika baraza za kahawa, za Bondeni na kwingineko, gazeti moja husomewa wengi. Habari za siasa na za mpira zaweza kusomwa kwa sauti huku wengine wakisikiliza. Katuni haisomeki hivyo. Msomaji hulazimika kunyamaza, kuligeuza gazeti na kulipitisha mkono kwa mkono, na kila mmoja hucheka kwa wakati wake au hujifanya amecheka. Asiyeelewa huuliza, na kuna wakati wote wa kahawa wa kumwambia. Katuni inayohitaji kuulizwa mara moja si katuni iliyoshindwa. Leso nyingi nazo huulizwa: “Yule kamkusudia nani?”

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba leso ni mambo ya uani, ilhali katuni ya gazeti imejitwika kazi ya kuwasema watawala, na mafumbo katika kazi hiyo ni woga. Hoja hii ina ukweli wake. Nchini Kenya, kabla ya kurudi kwa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991, sura ya Rais haikuwa kitu cha kuchezewa na kalamu ya mchoraji, na wale walioanza kuichora waziwazi katika miaka ya 1990 walifanya jambo la ushujaa ambalo fumbo lolote lisingelifikia. Hata hivyo, kumchora mtawala waziwazi na kumweleza waziwazi ni mambo mawili. Sura yaweza kuwa wazi kabisa na jina likabaki na pengo. Tena ni kosa kudhani kwamba leso ilibaki uani. Leso zenye sura za viongozi na majina ya sifa zimechapishwa kwa sherehe na kwa kampeni katika Kenya na Tanzania, na mara nyingi ndizo leso dhaifu kuliko zote, kwa sababu jina lake limeeleza picha na picha imerudia jina. Ugonjwa ni ule ule wa vibandiko, umehamia kwenye pamba.

Yote haya yana maana kwa namna fasihi inavyofundishwa. Kwa muda mrefu uhakiki wetu umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui, mwanafunzi akaandika kurasa mbili za hili na mbili za lile. Mpe mwanafunzi huyo katuni moja, umwambie atenge fani na maudhui. Maudhui hayamo katika picha wala hayamo katika sentensi. Yamo katika umbali ulio baina yake, na umbali huo ni fani. Atakwama, na kukwama huko kutamfaa kuliko kurasa nne. Zoezi hilo halihitaji kitabu cha kununua. Gazeti la jana linatosha, pamoja na leso moja, na mwalimu aliye tayari kumwuliza mama mmoja wa Bondeni kwa nini aliivaa leso hiyo siku ile na si nyingine.

Gazeti la jana linapatikana. La miaka hamsini iliyopita ni shida. Leso hutunzwa sandukuni, hurithiwa, hukatwa zikawa nguo za kumbebea mtoto, na jina likisahauliwa huchapishwa tena. Katuni hufungiwa bajia siku ya pili. Nakala zilizomo katika maktaba na katika makabati ya wachapishaji zinaonyesha picha na sentensi zilivyokuwa. Hazionyeshi aliyesemwa, wala bei ya sukari wiki ile, wala kwa nini neno fulani la kawaida lilimfanya mji mzima ucheke siku ya Jumatano. Wanaoyajua hayo kuhusu katuni za miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee. Muyaka alifariki mnamo mwaka 1840, na Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake wakati ambapo bado walikuwapo waliosikia wazee wao wakizieleza. Kwa katuni za Chakubanga na wenzake, muda wa namna hiyo ndio huu.